Jinsi nilivyotoka kwenye habari za korti hadi kitabu cha mauaji ya kweli

Wanahabari chipukizi huniuliza mtu anatokaje kwenye habari fupi ya korti hadi kitabu kizima kuhusu mauaji yaliyotokea kweli. Kwangu mimi kazi yote ilisimama juu ya uamuzi mmoja wa mwanzo: nilichagua kesi iliyofika kwenye hukumu.

Hapa Kenya kuna mauaji ambayo kila mwandishi wa jinai huyatamani. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, alitoweka nyumbani kwake Koru Februari 1990, na mwili wake ukapatikana katika kilima cha Got Alila ukiwa umeteketezwa. Serikali ilimwita mpelelezi John Troon kutoka Scotland Yard, yaani polisi wa London, ikaunda tume ya uchunguzi, kisha Rais Moi akaivunja tume hiyo Novemba 1991 kabla haijamaliza kazi yake. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani. Kesi ya namna hiyo humvuta mwandishi kwenye uvumi, kwa kuwa kila pengo lina watu walio tayari kulijaza, na wote wanajua "kwa uhakika". Nilitaka nijifunze kwanza kusimulia mahali ambapo mashahidi wameapishwa, mawakili wamewahoji na jaji amepima maneno yao.

Ndiyo maana nikajikita katika mauaji ya wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Mwenda alikuwa mwendesha bodaboda. Aprili 2015 afisa wa polisi wa utawala, Fredrick Leliman, alimpiga risasi mkononi, na baadaye Mwenda huyohuyo ndiye aliyejikuta kizimbani akijibu mashtaka. Akapeleka malalamiko IPOA, mamlaka inayosimamia utendakazi wa polisi, na Kimani, aliyekuwa akifanya kazi na shirika la kutetea haki la International Justice Mission, akasimama naye. Tarehe 23 Juni 2016 wawili hao na Muiruri waliondoka katika Mahakama ya Mavoko. Wiki moja baadaye miili yao ilitolewa mtoni, eneo la Ol Donyo Sabuk, ikiwa ndani ya magunia.

Kesi ilikwenda miaka. Julai 2022 Jaji Jessie Lesiit aliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na raia mmoja aliyekuwa mdokezi wao, akamwachilia huru afisa wa nne. Februari 2023 Leliman alihukumiwa kifo; Stephen Cheburet alipata miaka 30 gerezani, Sylvia Wanjiku miaka 24 na Peter Ngugi, yule mdokezi, miaka 20. Hapo msomaji anahitaji kuelezwa jambo ambalo magazeti hayakuwa na nafasi nalo: tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2017, jaji wa Kenya halazimiki tena kutoa hukumu ya kifo kwa mauaji. Aliyeitoa ameichagua, na sababu zake ziko ndani ya uamuzi wake.

Nilianza na daftari kubwa, nikalipiga mistari. Safu ya kwanza tarehe na saa, ya pili kilichotokea, ya tatu nani amesema, ya nne kimeandikwa wapi. Hukumu nyingi za mahakama kuu zinasomeka bure katika tovuti ya Kenya Law, kwa hiyo mtu asidanganyike kwamba kazi hii ni ya wenye jamaa serikalini. Mwenendo wa kesi, yaani maneno ya mashahidi kama yalivyochukuliwa kortini, huombwa kwa barua katika masjala, na nakala zake hulipiwa. Kwa ofisi nyingine za umma nilitumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayotokana na kifungu cha 35 cha Katiba na inayompa afisa siku 21 kujibu. Barua yenye muhuri wa kupokelewa ina nguvu kuliko simu kumi za kubembeleza.

Kulikuwa na kielelezo kimoja nilichokaa nacho kuliko vyote. Kimani, Mwenda na Muiruri walifungiwa kwenye kontena lililogeuzwa seli katika kambi ya polisi ya Syokimau. Kutoka humo kilitupwa kipande cha karatasi ya chooni, kimeandikwa ombi kwamba mke wa Mwenda apigiwe simu aambiwe wako hatarini. Mpita njia akakiokota, akapiga. Hapo ndipo mwandishi hushawishika kuingia ndani ya kontena na kueleza mikono inavyotetemeka na mtu anavyowaza watoto wake. Sikufanya hivyo. Walioyajua mawazo hayo wameuawa, na kuwatungia ni kuwanyang'anya kitu cha mwisho kilichokuwa chao. Nilichofanya ni kuchukua karatasi ya chooni na kalamu, nikajaribu kuandika nambari ya simu juu ya goti. Ukikaza mkono inapasuka. Ukilegeza, wino haushiki. Inakubidi uende taratibu, tarakimu moja baada ya nyingine, huku kidole cha mkono wa pili kikiinyoosha. Nililiweka jaribio hilo kitabuni kama langu, kwa nafsi yangu, ili msomaji ajue nani anasema nini.

Kuhusu sheria, nitasema kwa ufupi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kashfa, lakini bado mtu anaweza kukudai fidia hadi ukauza shamba. Sheria ya kashfa pia humlinda anayeripoti kwa haki na kwa usahihi yaliyosemwa kortini. Kwa hiyo kila sentensi iliyomtaja mtu aliye hai ilibidi iwe na kitu katika safu ya nne ya daftari. Isiyokuwa nacho niliitoa, hata kama niliamini moyoni kuwa ni kweli. Na yule afisa aliyeachiliwa, kila alipotajwa nilieleza kwamba aliachiliwa. Huo ni wajibu kwake kama nilivyo na wajibu kwa waliouawa.

Kazi ya gazeti sikuiacha, maana wachapishaji wengi hapa huishi kwa vitabu vya shule na kitabu cha jinai hakilipi kodi ya nyumba. Niliandika alfajiri kabla ya kwenda kortini.

Katika miaka yangu ya kuripoti mauaji nimejifunza pia jinsi ya kubisha hodi kwa wafiwa. Simu ya kwanza haiulizi swali; inatoa pole na kueleza mimi ni nani na nataka nini. Ukiambiwa rudi baada ya matanga, unarudi baada ya matanga. Ukiambiwa usirudi, basi. Mama mmoja, katika kesi nyingine, alinikaribisha chai na kunisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, andika yote, lakini usianze na alivyokufa."

Nililifuata neno lake. Kitabu kinaanza na Mwenda barabarani akitafuta abiria, si kando ya mto. Na nilimpa Joseph Muiruri sura yake mwenyewe. Katika vichwa vingi vya habari alikuwa "na dereva wa teksi", baada ya wakili na mteja. Hakuwa na malalamiko IPOA wala kesi Mavoko; alikuwa kazini, amebeba abiria. Kumbukumbu za korti kuhusu maisha yake ni chache, kwa hiyo sura hiyo ni fupi kuliko zote, na sikuirefusha kwa kubuni. Mhariri alipendekeza niiunganishe na sura iliyoitangulia. Nilikataa, akakubali, ikabaki peke yake.