Kidole gumba chini ya kisigino

Jumanne, usiku

Nimerudi kutoka kwa daktari wa mazoezi bila hata kidonge kimoja. Mama mwenye nyumba alikuwa barazani akinisubiri aone mfuko wa dawa. Hakuuona, akaguna. Nilipomweleza kwamba nimepewa kazi ya kupanda na kushuka juu ya taulo lililokunjwa, alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. "Mwalimu, hiyo pesa ungenipa mimi nikukande na maji ya chumvi."

Maji ya chumvi nimeshakandwa. Nimeshachuliwa kwa mafuta ya nazi, nimeshameza diklofenaki, nimeshabadilisha viatu. Kisigino cha kushoto kiko vilevile tangu muhula uanze. Asubuhi nikiteremka kitandani, hatua za kwanza ni msumari mtupu. Nikizunguka chumba kidogo kinalegea, nikifika shule nimeshakisahau. Kisha vipindi mfululizo juu ya sakafu ya saruji, nikae ofisini kusahihisha madaftari, nikinyanyuka tu, kimerudi.

Ninachotaka kukiandika kabla hakijapoa ni namna nilivyochunguzwa. Mwezi uliopita, mahali pengine, nilipigwa eksirei kabla hata sijavua soksi. Picha ikaonyesha kijimfupa kimechomoza chini ya kisigino, nikaambiwa nina mwiba, na ukizidi utakatwa. Basi nikawa nalala nikiuwaza huo mwiba unavyonichoma kwa ndani. Huyu wa leo, binti mdogo tu, wanafunzi wangu wa zamani wana umri kama wake, aliiangalia ile picha akaiweka kando, akaanza maswali. Maumivu yanaanza saa ngapi? Ukitembea yanapungua au yanazidi? Usiku yanakuamsha? Kuna ganzi, au nyayo kuwaka moto? Una sukari? Umewahi kuvimba kidole gumba ghafla usiku, kikawa hakigusiki? Hapo alikuwa anaitafuta gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba ghafla. Kazini unasimama au unakaa? Uzito umeongezeka?

Uzito umeongezeka. Ramadhani ilipita, futari zikabaki.

Baada ya hapo akanilaza kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda. Alikibana kisigino kwa viganja viwili, huku na huku. Mfupa wenye ufa ungepiga kelele, wangu ukanyamaza. Akaifuata kano ya nyuma kwa vidole, kuanzia kisigino kwenda juu, nayo kimya. Akagongagonga nyuma ya jicho la mguu la ndani, panapopita mshipa wa fahamu, aone kama vidole vitasisimka. Wapi. Akanigeuza. Akavivuta vidole vyangu vya mguu kwa juu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akakandamiza kidole gumba chake chini ya kisigino, mbele kidogo, upande wa ndani. Nilitaja majina ya wazee wangu wote.

"Pole, mwalimu. Ndipo hapo."

Akanieleza kwamba chini ya unyayo kuna utando mnene, mgumu, unaotoka kwenye mfupa wa kisigino na kutandaa hadi kwenye mizizi ya vidole. Ndio unaoushikilia upinde wa mguu usibonyee. Kila ukinyanyua kisigino kutembea, vidole vinakunjika kwenda juu, utando unakazwa, upinde unainuka. Wangu umelemewa pale unaposhikana na mfupa. Usiku mguu unalala umenyooka na utando unajikunyata, ndiyo maana hatua za alfajiri ndizo mbaya kuliko zote. Kitabibu huitwa plantafasiitisi. Na mwiba? Akasema watu wengi wana mwiba kama wangu na hawajawahi kuumwa hata siku moja, na wengine wanaumwa kama mimi na picha zao ni safi. Kwa hiyo hatibu mwiba.

Sijui kwa nini jambo hilo halikusemwa mara ya kwanza. Au najua: foleni ilikuwa ndefu, na mashine haihitaji kuuliza maswali.

Sasa kazi zenyewe. Ya kwanza ni ya kitandani, kabla mguu haujagusa sakafu: navuka mguu juu ya goti, navivuta vidole vije kwangu hadi unyayo ukaze, nahesabu kumi, naachia, mara kumi. Ya pili ndiyo ya taulo. Nasimama ukingoni mwa ngazi ya baraza, vidole juu ya taulo lililokunjwa, kisigino hewani. Napanda kwa sekunde 3, nabaki juu sekunde 2, nashuka kwa sekunde 3, mpaka mguu utetemeke. Siku moja nafanya, siku moja napumzika. Alinitajia utafiti wa Denmark wa mwaka 2014: waliofanya hivi, baada ya miezi mitatu walikuwa na nafuu kuliko waliojinyoosha tu, ila mwaka ulipotimia makundi yote mawili yalikuwa yamelingana. Nilipenda kwamba hakunificha nusu ya pili. Wengi hupona ndani ya mwaka, alisema, lakini ni mwaka, si wiki.

Nikamuuliza kuhusu sindano, maana mwenzangu wa hesabu alichomwa na wiki ile ile alikuwa anaruka. Inatuliza, akasema, wiki kadhaa, lakini inaweza kuudhoofisha utando hadi ukakatika, na kuyala mafuta yaliyo chini ya kisigino. Tutaizungumza hayo mengine yakishindwa. Na ndala zangu za kuogea nisizivae siku nzima nyumbani.

Kwa kuwa nilishamlipa, nikamchomekea na habari za mdogo wangu. Juzi kwenye mechi ya ndondo aliteguka, jicho la mguu la nje likavimba, nyumba nzima ikasema eksirei. Akaniuliza kama aliweza kupiga hatua nne palepale, na kama anaweza leo. Aliweza, alitembea hadi kwenye bodaboda. Basi nikifika nimbonyeze mfupa, si uvimbe: ukingo wa nyuma na ncha ya jicho la nje, vivyo hivyo la ndani, kisha mfupa ulio katikati ya unyayo upande wa kidole kidogo, na ule ulio mbele ya jicho la ndani. Kama hakuna panapouma na anatembea, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Kanuni hiyo ilitungwa Ottawa, Kanada, ikachapishwa mwaka 1992, kwa sababu kule nako watu walikuwa wanapigwa picha bure. Nimembonyeza jioni hii, anaumia mbele ya mfupa, kwenye nyama. Nimemfunga bendeji na mguu upo juu ya mto. Kesho aanze kuukanyaga taratibu.

Kinachonikosesha usingizi ni miguu ya shangazi. Ana sukari miaka mingi, na miguu yake haimuumi kabisa. Mwezi uliopita alikanyaga kipande cha chupa pale sokoni Mgandini, akajua alipoona damu sakafuni. Nilipolisema hili, binti yule aliacha kuandika. Akasema kuna uzi wa nailoni wa kupimia ganzi, unaopinda ukikandamizwa kwa gramu 10. Shangazi asipouhisi kwenye nyayo, ina maana mguu unatakiwa ukaguliwe kwa macho kila siku, hadi katikati ya vidole, na maji ya moto apime kwa kiwiko, si kwa mguu. Asitembee peku hata ndani.

Nimempigia, nikamwamkia, nikamwambia. Kaniuliza nani amesema anaumwa. Hapendi kuvua viatu mbele ya watu, kwa hiyo nimezungumza na binti yake, watakwenda wote kliniki Alhamisi.