Siku moja na chenso ya Mzee iliyogoma kuwaka

Saa 12:30 asubuhi

Mafinga mwezi wa Juni hakuchi haraka. Ukungu unalala juu ya barabara kuu ya Iringa na Mbeya mpaka jua lipate nguvu, na ukishika spana mikono mitupu baridi inapanda hadi kwenye kiwiko. Tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kazi yangu ya kwanza kila siku ni kuwasha jiko la mkaa nyuma ya kibanda, mbali kabisa na petroli, nibandike chai. Kijana ninayemfundisha kazi anafagia, anapanga bokosi na bisibisi mezani, anatandika gunia safi. Gunia safi silikubalii mjadala: skrubu ya kabureta ikianguka kwenye vumbi, siku imeisha.

Ninatengeneza injini ndogo. Pampu za maji, jenereta, na zaidi ya vyote chenso, yaani misumeno ya injini ya kukatia miti. Shamba la miti la Sao Hill liko jirani, mipaini na milingoti mpaka macho yachoke, na nusu ya watu ninaowajua wanakula kupitia mbao: wakataji, wapakiaji, wenye mashine za ding-dong za kupasulia mbao, mama wanaopikia magenge porini. Chenso moja ikilala, watu sita wanalala nayo. Ndiyo maana mteja akiniletea msumeno uliokufa siuchukulii kama chuma tu.

Saa 1:40

Bodaboda imesimama. Abiria ni mzee wa miaka sabini hivi, koti zito, kofia ya sufu, na mbele yake kiroba kilichofungwa kwa kamba ya katani.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nimekuletea mgonjwa."

Ndani ya kiroba mlikuwa na Stihl 070. Nilifurahi kuiona, nakiri. Hii ni mashine ya sentimita za ujazo 106, ina uzito wa zaidi ya kilo 10 kabla hujafunga baa na cheni, haina breki ya cheni wala raba za kupunguza mtikisiko. Imejengwa kupasua magogo makubwa kwa nguvu ya taratibu, si kwa kasi. Mzee aliinunua ikiwa imeshatumika, kule Ifakara, akapanda nayo huku. Imesomesha watoto wanne.

Fundi mmoja alikuwa amemwambia koili, ile inayotoa umeme wa cheche ya plagi, imekufa, anunue nyingine. Koili ya mashine ya umri huu ni hela nyingi, na kuipata ni kazi nyingine. "Nimekuja kusikia na wewe kwanza," akasema.

Kabla sijagusa skrubu hata moja huwa namketisha mwenye mashine, nampa chai, nauliza. Ilizima ikiwa kazini au iligoma baada ya kuwekwa stoo? Ilizima ghafla kama taa, au ilikohoa kwanza? Nani anachanganya mafuta?

Majibu ya Mzee yalikuwa dhahabu, ingawa nilichelewa kulielewa moja. Alisema mashine ilikuwa "inakatakata": ukiielekeza upande fulani au ukigonga mpini, inanyamaza, halafu inarudi. Akasema pia ilikuwa inachoka. Wakipasua kama dakika kumi inaishiwa nguvu na kuzima. "Tunaipumzisha, tunafungua tangi kuangalia mafuta, tunafunga, inawaka tena." Baadaye ikawekwa stoo tangu masika ya mwaka juzi na mafuta yake ndani. Ilipotolewa, haikuwaka tena.

Saa 2:15

Tulimwaga mafuta ya tangi kwenye chupa. Hayakunuka petroli, yalinuka vanishi, na rangi yake ilikuwa kama chai ya rangi. Petroli ikikaa hivyo, kile chepesi kinachoshika moto kinatoroka na kinachobaki ni gundi. Nilijua tayari kwamba kabureta tutaifungua. Lakini sikuanza nayo.

Nilianza na silensa. Skrubu chache tu, ukishaitoa unaiona pistoni yenyewe kupitia tundu la moshi. Hii ni hatua ambayo mafundi wengi wanairuka, na inaniuma, kwa sababu ndiyo inayokwambia kama kuna mashine ya kutengeneza au hakuna. Pistoni iliyokwaruzwa mistari ya kusimama imewahi kushikana na silinda: mafuta hayakuwa na oili ya kutosha, au kabureta ilibana mafuta mno. Hapo hata ungefunga koili ya dhahabu, unapoteza hela za mtu. Nilimulika kwa tochi ya simu. Pistoni ilikuwa na masizi, lakini ubavu wake ulikuwa laini. Nikamwita Mzee aone mwenyewe.

Tukafunga silensa, tukatoa plagi, tukafunga geji ya mgandamizo mahali pake. Kijana alivuta kamba mara sita, sindano ikasimama kwenye PSI 135. Kwa injini yenye umri wa kijana wangu mara mbili, nilisema asante Mungu kwa sauti.

Kilichobaki ni moto na mafuta.

Saa 3

Kijana alitaka kupima cheche palepale, tundu la plagi likiwa wazi na chupa ya mafuta machafu iko pembeni. Nilimshika mkono. Ukivuta kamba bila plagi, silinda inatema mvuke wa petroli, na cheche iko sentimita chache kutoka hapo. Nimeona uso wa mtu aliyeungua hivyo. Chupa ikapelekwa nje, tundu likazibwa kwa kitambaa, ndipo tukachomeka plagi mpya kwenye waya wake, tukaigusisha kwenye mapezi ya silinda na kuvuta.

Giza. Hakuna hata cheche.

Hapa ndipo koili inapohukumiwa. Hakuna cheche, basi koili imekufa, nunua. Lakini kutoka kwenye koili kuna waya mwembamba unaokwenda kwenye swichi ya kuzimia. Kazi ya swichi ile ni moja tu: kuugusisha ule waya kwenye bodi ya mashine ili umeme upotelee kwenye chuma badala ya kufika kwenye plagi. Sasa kama waya wenyewe umechubuka na unagusa bodi, mashine imezimwa muda wote, hata swichi ikiwa imewashwa. Na Mzee alishaniambia kwamba ukigonga mpini inanyamaza halafu inarudi.

Nilichomoa waya wa swichi kwenye koili. "Vuta."

Cheche ya buluu, nene, yenye sauti. Mzee alisimama kutoka kwenye kigoda.

Waya tuliukuta umelika pale unapopita kwenye ukingo wa kava. Miaka ya mtikisiko iliula mpira wake kidogo kidogo, na kwenye mashine isiyo na raba za kupunguza mtikisiko hilo lazima litokee siku moja. Kipande kilichokuwa wazi kilikuwa kirefu kama punje ya mpunga. Nilikata, nikaunga waya mpya, nikauvika bomba la mpira na kuubana mbali na ukingo ule.

Kwa kuwa kava lilikuwa wazi, nilisugua kutu kwenye sumaku za flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, na miguu ya koili kwa msasa laini, kisha nikairudisha koili huku nimeweka kadi nyembamba katikati. Nafasi pale inatakiwa iwe kama milimita 0.3. Ikiwa pana cheche inadhoofika, ikiwa finyu sumaku inakwaruza koili. Plagi yenyewe tuliipa pengo la milimita 0.5.

Saa 4:45

Moto upo. Je, mafuta yanafika? Tulijaza petroli mpya iliyochanganywa, tukavuta na choki mara kadhaa, kisha nikatoa plagi. Kavu kabisa. Nikadondoshea matone machache ya mafuta kwenye koo la kabureta, tukafunga, tukavuta: ikawaka, ikanguruma sekunde mbili, ikafa. Mzee alipiga makofi. Mimi nilifurahia zaidi lile kufa kwake, kwa sababu injini inayowaka kwa kulishwa mdomoni na kufa chakula kikiisha imeshakueleza ugonjwa wake.

Filta ndani ya tangi ilikuwa imegeuka kidonge cha ulimbo. Bomba la mafuta nililikunja kwa vidole kutafuta nyufa, halikuwa nazo. Kabureta ndiyo iliyochukua muda wangu, na sikuionea uchungu saa ile. Mle ndani mna daiframu, utando mwembamba unaopaswa kulegea kama ngozi ya kope. Unavutwa na hewa ya injini, unasukuma mkono mdogo wa chuma, mkono unainua sindano, mafuta yanaingia. Utando wa Mzee ulikuwa mgumu kama karatasi ya khaki. Ulipobonyezwa ulilia "tak". Injini ilikuwa inavuta kwa nguvu zake zote na sindano haikuinuka.

Kijana alikimbia mjini kutafuta seti ya daiframu na gasketi, mimi nikaosha vijia vyote vya kabureta na kuvipuliza kwa upepo. Sipitishi waya wala sindano ya kushonea kwenye vitundu vile. Ukikiongeza kitundu hata unywele mmoja, mashine haitakaa sawa tena.

Saa 7:30

Ugali, maharage, mboga ya majani. Mzee alisimulia milingoti aliyoipasua mbao akiwa na mtu mmoja tu wa kumsaidia. Aliongea habari za mashine ile kama za ng'ombe wa jembe.

Saa 8:10

Tumefunga kila kitu. Chenso chini, mguu wangu kwenye mpini wa nyuma, mkono wa kushoto umenyooka kwenye mpini wa mbele. Siwashi msumeno hewani kwa kuurusha, na anayefundishwa kwangu harushi. Choki, kuvuta mara tatu, kikohozi kimoja. Choki ikatoka, kuvuta mara mbili.

Ikawaka. Sauti ya 070 ni nzito, inapiga kifuani. Majirani wa karakana ya pikipiki walitoka nje. Mzee alivua kofia.

Tukaweka gogo la mpaini kwenye farasi wa mbao, tukaanza kukata vipande. Kimoja, cha pili, cha tano. Kama dakika kumi hivi. Kisha ikalegea, ikapanda sauti ghafla kama inayoishiwa mafuta, ikazima. Ikagoma.

Nilikaa chini. Moto upo, kabureta ni mpya ndani. Mzee, kwa upole kabisa, akasema, "Ndivyo inavyochoka, binti yangu. Ipumzishe kidogo." Akainama, akafungua kifuniko cha tangi kutazama mafuta.

Tangi likavuta hewa: *fssss*.

Injini haichoki hivyo. Tangi linahitaji kupumua. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie mahali pake kupitia tundu dogo kwenye kifuniko, la sivyo tangi linajinyonya mpaka pampu ya kabureta inashindwa kuvuta. Miaka yote ile waliamini wanaipumzisha, kumbe kilichokuwa kinaiponya ni kule kufungua kifuniko. Alikuwa amenieleza asubuhi, neno kwa neno, na mimi nikalishika lile la waya tu. Nilimwomba radhi.

Tundu lilikuwa limezibwa na unga wa mbao ulioshikana na oili. Tuliliosha kwa petroli na brashi laini, tukalipuliza. Kijana aliuliza kama tusilipanue kwa msumari lisizibe tena. Hapana: lina vali inayoruhusu hewa kuingia na kuzuia mafuta kutoka. Ukilitoboa, siku utakayolaza msumeno ubavu petroli inamwagikia silensa ya moto.

Saa 9:40

Safari hii tulikata dakika ishirini na tano mfululizo. Hapo ndipo nikagusa skrubu za kabureta. Mashine ilirekebishwa Ifakara, bondeni, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita. Mafuta yaleyale kwa hewa pungufu yanaleta moshi na plagi nyeusi. Nilibana skrubu ya kasi kidogo sana, kwa sikio: ikiwa haina mzigo isikike inakwaruza kidogo, ikiingia kwenye gogo isafike. Ukiibana mpaka ilie kali na safi hewani, umeanza kuichoma pistoni.

Cheni nilimwachia kijana, tupa ya mviringo ya milimita 5.5, idadi sawa ya mipigo kwa kila jino.

Mimi nilikaa na Mzee kwenye suala la mafuta. Mwanawe huchanganya kwa kukadiria kwa kizibo. Nilimpa chupa yenye alama niliyoichora mwenyewe: mililita 200 za oili ya 2T, ile ya injini za mipigo miwili, kwa lita 5 za petroli. Akitumia oili ya kiwanda cha mashine yenyewe, mililita 100 zinatosha. Na mashine ikikaa zaidi ya mwezi, amwage tangi, aiwashe mpaka ijizime.

Saa 11:20

Vifaa 18,000, ufundi 30,000. Mzee alihesabu noti mara mbili, akaongeza 2,000 ya soda ya kijana. Aliomba aiwashe yeye kabla ya kuifunga kirobani. Nilisita kwa ajili ya mgongo wake, kisha nikakaa pembeni. Aliweka mguu, akainama bila haraka, akavuta mara moja. Ikawaka. Aliiacha ingurume kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akiwa amefumba macho, kisha akabonyeza swichi na ikazima palepale, kama inavyotakiwa.

Bodaboda ilipoondoka, ukungu ulikuwa umeanza kushuka tena. Kijana alikuwa ameshaiweka mezani pampu ya maji ya kesho na anamuuliza mwenye nayo ilizima vipi.