Nilivyompata kaka yake nyanya kwa kutafuta tarehe, sio jina

Nyanya yangu miaka yote alikuwa anasema kaka yake alichukuliwa jeshi wakati wa vita ya pili, akaenda Mombasa akapanda meli, basi. Kuna watu nyumbani walikuwa wanasema alioa huko India akakataa kurudi, na hiyo stori ilikuwa inamuuma nyanya kuliko hata kama angeambiwa amekufa.

Kama miaka miwili nilikuwa naweka jina lake kwa tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, naligeuza hivi nageuza vile, hakuna kitu. Shida ni makarani waliandika majina ya askari wetu vile walivyoyasikia. Nilikuwa karibu kuachana nayo, halafu siku moja tukichambua mboga nyanya akasema, "Si alikuwa wa mizinga huyo." Hakuwahi kunitajia! Maana ukiniambia mizinga na meli ya kutoka Mombasa, hapo nafikiria SS Khedive Ismail.

Hiyo meli ilijengwa Scotland 1922 ikiitwa Aconcagua, ya kampuni ya Chile, baadaye ikauzwa Misri ikapewa hilo jina lingine, na vita ilipokuja Waingereza wakaichukua kubeba wanajeshi. Februari 1944 ikatoka Kilindini, bandari ya Mombasa, na msafara wa meli ulioitwa KR 8 kwenda Colombo, ndani watu zaidi ya 1,500, karibu 1,000 ni wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na manesi pia walikuwepo. Tarehe 12 mchana, karibu na Maldives, nyambizi ya Japani, I-27, ikaipiga topido mbili na haikumaliza hata dakika tatu juu ya maji. Dakika tatu jamani, na wengi walikuwa chini ndani ya meli. Walikufa watu 1,297, waliopona ni kama 200 na kitu. Halafu kuna ile sehemu ilininyima usingizi, manowari za ulinzi Petard na Paladin zilitupa mabomu ya kuwinda nyambizi palepale watu walikuwa wanaogelea, kwa sababu hiyo nyambizi ilikuwa imejificha chini yao.

Basi nikarudi kwa tovuti, safari hii jina nikaliacha wazi kabisa. Nikaweka tarehe ya kufa 12 Februari 1944, kikosi East African Artillery, nikadanilodi orodha yote nikaisoma jina moja moja, usiku mbili. Nikampata. Herufi ya kwanza ya jina lake ilikosewa, ndio maana sikuwa namuona, lakini la baba yake lilikuwa sawa. Kama unatafuta mtu wako anza na tarehe na kikosi, jina liache mwisho.

Kaburi hana, lakini jina limeandikwa kwa mnara wa East Africa Memorial, uko ndani ya makaburi ya vita pale Ngong Road, Nairobi. Nilimpeleka nyanya asubuhi moja, nikamshika mkono akaweka kidole kwa jina, akakaa hapo muda mrefu sana. Ile ya mabomu sikumwambia na sitamwambia. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Maji ya huko ni baridi?"

Nikamwambia hapana nyanya, bahari ya huko ni ya joto.