Kofia ya Joe na kapu la ami yangu

Kuna pahala kwenye Great Expectations ya Charles Dickens nikifika huwa nafunga kitabu kwanza, nakunywa maji, ndo narudi. Ni pale Joe anapokwenda London kumtembelea Pip. Joe ni mhunzi, mtu wa kijijini, kazi yake kufua chuma, na ndiye aliyemlea Pip maana Pip ni yatima na dada yake ndo mke wa Joe, na kwenye nyumba ile ya kelele na viboko alokuwa akimpenda yule mtoto ni Joe tu. Sasa Pip kashapata pesa kutoka kwa mtu asiyemjua, kahamia mjini, kavaa vizuri, anafunzwa ubwana. Joe anafika kavaa nguo zake za sikukuu, hazimkai, kofia hajui aiweke wapi, anaiweka pembeni inaanguka, anaidaka, anairudisha, inaanguka tena. Na yule mtoto aliyemlea mwenyewe, Joe anamwita bwana. Pip anakiri kwa mdomo wake kwamba kabla Joe hajafika, lau ingekuwa inawezekana kulipa pesa ili Joe asije basi angelipa.

Angelipa. Neno hili limenikaa rohoni miaka sasa.

Watu wengi nnaozungumza nao kuhusu kitabu hiki (kilitoka kipande kipande kwenye gazeti la kila wiki, kuanzia mwisho wa 1860 mpaka 1861) husema pesa ndo zilomharibu Pip. Mie nimekisoma mara tatu na sikubaliani. Rudini nyuma kwenye siku ile kaitwa nyumba ya tajiri akacheze karata na Estella, msichana anayelelewa mle, Pip bado mdogo, hana hata senti. Estella anamcheka anavyoita jina la karata moja, anacheka mikono yake migumu na viatu vyake vizito. Basi Pip anatoka nje anaiangalia mikono yake. Mikono ile ile aloamka nayo asubuhi, haijawahi kumshughulisha hata siku moja, leo anaiona kwa macho ya Estella. Na wazo linalomjia baada ya hapo ni kutamani Joe angelelewa kiungwana zaidi, ili na yeye awe hivyo. Yaani kosa kashampa Joe! Pesa bado haijaingia kwenye hadithi, kilichoingia ni kumtaka msichana. Kumtaka kukaleta kuona haya, halafu kuona haya ndo kukazitafuta pesa, na pesa zilipokuja zilikuta mlango ushafunguliwa zamani.

Siye huku tumelelewa na haya. Chuoni tulifunzwa hadithi ya Mtume s.a.w. kwamba haya ni katika imani, na bibi zetu wakiona mtu anafanya jambo la ovyo wanasema huyu hana haya na inatosha, hakuna tusi kubwa zaidi ya hilo. Lakini nnachokiona kwenye riwaya hizi za zamani ni kitu chengine kinachotisha zaidi. Wale watu haya wanayo. Wanayo tele. Imegeuka tu, wanamuonea haya mtu ambaye walitakiwa wambusu mkono, na lile la kuonea haya khasa wanalifanya mchana kweupe. Na kinachoigeuza kila nikitazama naona ni mchanganyiko wa viwili, mali na mapenzi, pale mtu anapomtamani mwenzake na ndani ya kumtamani huko mna nyumba yake, gari yake, jina lake, hujui tena unapenda kipi.

Najua nnachosema kwa sababu yamenipata.

Mie ni mtu wa Pemba, nimesoma kwa karafuu. Baba alifariki nikiwa mdogo, ami yangu ndo alobeba mzigo, ana mikarafuu michache ya urithi na msimu ukiwa mbaya alikuwa akienda kuchumia watu, unalipwa kwa pishi, yeye na umri ule yuko juu ya mti. Daftari, sare, nauli ya boti, yote yametoka mle. Nilivyopata kazi Unguja, ofisi nzuri ina kiyoyozi na maua ya plastiki pale mapokezi, nikaanza kuzungumza na kijana mmoja wa mjini, ana gari, nyumba yao iko upande wa Mbweni, mstaarabu, na mpaka leo sina ubaya wa kumsema. Siku moja tu alicheka nilivyotamka neno la kwetu. Mnajua Wapemba tunavyochekwa lafudhi mjini. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu anavyocheka na mtu anayempenda. Lakini mie toka siku ile nikaanza kuchunga mdomo wangu, nikipiga simu nyumbani natoka nje ya ofisi, nazungumza kidogo kidogo, natafuta maneno ya mjini hata kwa mama yangu.

Basi ami akaja. Hakusema anakuja, alishuka na boti ya kutoka Mkoani, bandari ya kwetu Pemba, akauliza uliza mpaka kafika ofisini. Kanzu imefifia, ndara, kofia ya mkono ile ya viua ambayo anaivaa Idi na Idi, na kapu la ukili mna ndizi za mkono wa tembo, mihogo na pweza mkavu kafungwa kwenye gazeti. Harufu ya pweza ilikuwa ishafika kabla yangu. Na yule kijana alikuwa amekaa pale pale mapokezi ananisubiri tukale chakula cha mchana. Ami aliponiona alisimama akaivua kofia, sijui kwa nini aliivua, ami yangu havui kofia mbele ya mtu. Nikamsalimia, "Shikamoo ami", kwa sauti ya chini. Kijana akaniuliza huyu nani, nikasema, "Mtu wa nyumbani tu, kaniletea mzigo." Mtu wa nyumbani tu! Nikalichukua kapu nikaliweka nyuma ya kabati la mafaili, nikampa ami noti mbili mkononi, nikamwambia nina kikao. Akasema, "Haya mwanangu, kazi kwanza." Akatoka. Sikumuuliza kala nini, sikumuuliza boti ya kurudi ni lini.

Zile noti mbili nilikuja kuzielewa vizuri niliposoma ile sehemu ya Joe. Pip alitamani kulipa. Mie nililipa.

Kwa hiyo nikisoma The Great Gatsby ya F. Scott Fitzgerald siangalii sana zile pati za Gatsby. Kila mtu anazijua pati, kitabu kimetoka 1925, wakati pombe Marekani imepigwa marufuku, na yule bwana utajiri wake umetokana na biashara ya magendo ya pombe hiyo hiyo, na yote kayafanya kwa ajili ya Daisy, mwanamke aliyempenda akiwa mwanajeshi hana kitu, ambaye keshaolewa na tajiri mwengine. Kanunua jumba la upande wa pili wa maji ili awe anaona taa ya kijani ya gati la kwao. Mimi pananiuma pahala pengine kabisa. Gatsby anamwambia jirani yake Nick kwamba watu wake wote wamekufa, ndo akarithi pesa nyingi. Halafu mwisho, Gatsby keshauliwa, anakuja mzee mmoja kavaa koti la bei rahisi. Baba yake. Yuko hai! Kasoma habari za kifo cha mwanawe kwenye gazeti, kafunga safari katoka mbali, kashika picha ya lile jumba, imekatika pembeni na imechafuka kwa kushikwa, anamuonyesha Nick nyumba ya mwanawe ilhali wamesimama ndani ya nyumba yenyewe. Na Daisy hakuja mazikoni, hata ua hakuleta. Mamia walokula na kunywa pale hawakuja. Alokuja ni yule aliyezikwa kwa mdomo zamani.

Hivi, Gatsby ni mtu mbaya? Siwezi kusema. Nampenda mpaka leo, na Pip nampenda. Ndo maana vitabu hivi vinanishika, havikuonyeshi mnyama, vinakuonyesha mtu mwenye moyo mkubwa unajaa kitu kisicho chake. Kuna maneno Gatsby anayasema kuhusu Daisy, kwamba sauti yake imejaa pesa. Anajua! Anajua kabisa anachokipenda kimechanganyika na nini na bado hawezi kukitenganisha.

Kwa Emma wa Madame Bovary nilikuwa mkali zaidi zamani. Flaubert, aloiandika, alishtakiwa Ufaransa mwaka 1857 kwa riwaya hii, wakasema inaharibu maadili, akaachiwa. Kwangu mie ni katika vitabu vinavyotia adabu zaidi nilivyowahi kusoma, ukikisoma mpaka mwisho. Emma ana mume anayempenda, daktari wa kijijini, mpole, anamchosha. Anataka mapenzi ya kwenye vitabu na mapazia ya kwenye vitabu, na yupo mfanyabiashara mmoja, Lheureux, anamletea vitambaa nyumbani kwa mkopo, chukua tu, utalipa, saini hapa. Mabwana wawili wanapita kwenye maisha yake lakini anayemmaliza ni huyu wa mkopo. (Dada zangu mnaochukua vitu vya harusi kwa kulipa kidogo kidogo kwa sababu ya picha za siku moja, kisomeni.) Na kwake pia kuna mtu aliyemsukuma pembeni, tena kwa mkono wake. Mtoto wake Berthe anamjia kumkumbatia, anamsukuma, mtoto anaanguka anachanika shavu. Baadae anamuangalia kalala na plasta usoni anafikiria, mtoto huyu mbaya wa sura! Mamake mzazi. Baada ya wazee wote wawili kufa Berthe anaishia kwa shangazi masikini anayempeleka kufanya kazi kiwanda cha pamba. Deni la mapazia kalilipa mtoto.

Wala msidhani haya ni ya Wazungu peke yao, kwetu yameandikwa na watu wetu tena kwa Kiswahili kinachokata. Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya 1972, jina lenyewe limeshasema yote, Mwinyi mzee tajiri ana kiu ya msichana Bahati, Idi kijana ana kiu ya mali ya Mwinyi, Bahati ana kiu ya mapenzi ya Idi, na hakuna hata mmoja anayekunywa akatosheka. Na Utengano ya Said Ahmed Mohamed, 1980, Bwana Maksuudi kamfungia binti yake Maimuna ndani asionwe na jua kwa jina la heshima, huku yeye nje anafukuzia wanawake, mpaka Kazija, mmoja wa wanawake hao, anawaita yeye na mtoto wake wa kiume nyumba moja wanakutana uso kwa uso. Haya ya mtu yule yote kaiweka juu ya mabega ya bintiye, yeye mwenyewe hakubakisha hata chembe.

Na Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, Yasmin kaozwa mdogo kwa Bwana Raza, mtu mzima mwenye duka. Hapa tamaa ya mali ni ya wazee, mwenyewe Yasmin haitaki. Anapokimbia ndoa anarudi Unguja, ndugu zake wanamkataa, anakwenda kupokelewa na Mwajuma, masikini, nyumba haina kitu. Nikiisoma ile sehemu huwa nawaza, Mwajuma hakuuliza watu watasema nini. Alifungua mlango.

Yule kijana na mie hatukuoana, ni stori ndefu na haina mkosaji. Kwa ami nilirudi, lakini nilichelewa, nilijipa shughuli kama miaka miwili, natuma pesa kwa simu nikajiona nishatengeneza. Safari hii ya msimu ulopita nilikwenda mwenyewe. Macho yake yamepungua, mtini hapandi tena, kazi yake kukaa ubarazani kuangalia karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi na kufukuza kuku. Jioni tukawa tunazungumza akaniuliza unasoma nini siku hizi, nikamwambia kitabu cha Mngereza, akasema nihadithie. Nikamuhadithia. Nikamuhadithia Joe yote, nguo za sikukuu, kofia inaanguka, mpaka pale anapoaga, anamwambia Pip kwamba yeye na mjini hawapatani, akitaka kumuona amfuate kule kwenye moto wake na nyundo yake. Sauti ilinitetemeka na nadhani aliisikia. Sikusema kitu kuhusu ofisi.

Alinyamaza muda mrefu, anachambua makonyo ya karafuu kwa vidole.

Kisha akaniuliza, "Na alilala wapi usiku ule?"

Sikuwa na jibu la Joe. Nikamuuliza, "Wewe ami, ulilala wapi?"

"Msikitini, Malindi, pale karibu na bandari," akasema. "Palikuwa na upepo mzuri."