Jicho linalowaka kutoka ndani

Macho ya wahusika wangu nayachora kwa Krita, programu ya bure, na mbinu ninayoipenda kuliko zote nimeipata kwa kuchezea matabaka tu, yale mithili ya karatasi angavu zinazopangwa moja juu ya nyingine. Siri yake ni giza. Naanza na duara la kahawia iliyokolea, kisha juu yake naongeza tabaka lenye modi ya Multiply, inayotia giza rangi zilizo chini yake, na kupaka kivuli cha kope upande wa juu. Wengi hukiruka kivuli hiki, ndiyo maana macho yao huonekana yamekodolewa.

Sasa utamu wenyewe. Mwanga ukitoka juu kushoto, hupita kwenye konea, ule utando angavu wa mbele, ukapinda na kuangukia upande wa pili, chini kulia. Basi hapo ndipo naweka tabaka la Color Dodge, modi inayong'arisha rangi zilizo chini yake: brashi laini, rangi ya chungwa iliyofifia, nguvu asilimia 20 hivi. Napaka kidogo kidogo mpaka kahawia igeuke asali. Nilijaribu na samawati pia. Ikatoa jicho linalomfaa jini, si binti wa Tanga ninayemchora.

Mistari myembamba naivuta kutoka ukingoni kuelekea kwenye mboni, mirefu kwa mifupi, bila kuilinganisha. Nukta nyeupe huja mwisho kabisa, moja tu, na lazima iguse ukingo wa mboni.

Anayefuata ni bibi yake, mwenye mtoto wa jicho. Kwake nadhani mboni yenyewe itabidi iwe ya kijivu, na ile asali nitaipunguza sana.