Mguu wa Nne

Juzi asubuhi kuna mtu alikuwa akikausha nywele chumba cha pili, harufu ya vumbi linaloungua ikapenya hadi kwangu. Kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimeshapiga magoti chini ya meza, mkono unapapasa swichi ya kitu ambacho hakipo pale mwaka wa ngapi huu. Nikainuka na kugonga kichwa.

Lile dubwana jeusi, kompyuta yangu ya mezani. Mliokuwapo mnalikumbuka, lilivyokuwa likisimama miguuni pangu enzi za kutafsiri ile miongozo isiyokwisha. Lilianza kwa mlio mdogo, likaja kuvuma kama linataka kupaa. Shangazi, ambaye kitanda chake na meza yangu vilitenganishwa na ukuta tu, alivumilia wiki mbili. Siku ya kumi na tano akaja kusimama mlangoni.

"Mwanangu, hicho kidude chako kinakoroma kumshinda marehemu. Na marehemu nilikuwa nikimgeuza ubavu ananyamaza. Hicho nikigeuzeje?"

Tulicheka. Kesho yake nikalifungua kasha, nikakuta yale mapezi ya hitisinki, lile pande la aluminiamu linaloondoa joto, yamezibwa na vumbi lililoshikamana kama blanketi. Feni ilikuwa ikipuliza hewa kwenye ukuta. Nikaling'oa pande zima, hitisinki na feni yake, nikasugua kwa brashi ya rangi, nikapuliza kwa mdomo na kula nusu ya vumbi lenyewe. Ile pesti ya kijivu ya kupitishia joto, inayokaa kati ya prosesa (ubongo wa kompyuta) na hitisinki, ilikuwa imekauka na kupasukapasuka kama tope la kiangazi. Ilitakiwa niifute yote na kupaka mpya. Sikuwa nayo, nikarudisha hivyo hivyo. Hitisinki za aina ile zina miguu minne ya plastiki unayoisukuma kwenye matundu ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, mpaka ilie. Nikasukuma. Ta. Ta. Ta. Wa nne nao nikasema umelia.

Kelele ikazidi. Sasa nikaishuku feni yenyewe, nikabandua kibandiko cha katikati na kudondosha tone la mafuta ya cherehani. Ikazunguka laini zaidi, na kuvuma vilevile. Basi nikaingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani ya kompyuta, nikakuta mahali pa kuchagua mwendo wa feni, nikachagua ule wa kimya.

Nyumba ikatulia. Shangazi akaniombea dua ndefu, akanitajia hadi kizazi kitakachokuja.

Siku mbili baadaye kompyuta ikazimika katikati ya sentensi. Nikawasha, nikaandika aya moja, ikazimika tena. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nilichokifanya. Feni ile ilikuwa na nyaya nne, na wa nne ndio unaoleta amri: prosesa ikipata joto, mazabodi inaiambia feni kimbia. Feni haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa ikifanya kazi iliyotumwa, na mimi nikaifunga mdomo. Prosesa iliyonyimwa upepo hupunguza kasi yake kwanza, ikishindwa inajizima isije ikaungua. Nilirudi BIOS, nikatazama namba: nyuzi 97, na hakuna programu hata moja iliyofunguliwa.

Usiku ule ndio ninaoukumbuka kwa dakika zake. Kazi ilitakiwa asubuhi, kurasa arobaini zilikuwa hazijaguswa. Nimerudisha mwendo wa kawaida, upande wa kasha uko wazi, feni inalia. Nikaanza kuzisimamisha moja moja, kidole kikigusa katikati pale penye kibandiko, sekunde moja tu, nisikie ipi inayopiga kelele. Ya nyuma ya kasha nikaisimamisha, kelele ipo. Ya kwenye prosesa, kimya, kisha nikaachia ikarudi kwa hasira. Nikainama nione vizuri, sikuona, kwa kuwa taa iko nyuma ya kichwa changu. Basi nikalilaza dubwana kwa ubavu, likiwa bado linawaka, ili mwanga uingie.

Feni ikaanza kushuka.

Sikuigusa. Ilishuka yenyewe, taratibu, kutoka mvumo hadi mnong'ono, mpaka nikasikia saa ya ukutani ambayo nilikuwa nimesahau kwamba inalia. Nikakaa sakafuni nikiisikiliza, siamini. Nikalisimamisha kasha: haikupita dakika, mvumo. Nikalilaza: mnong'ono. Nikalisimamisha tena, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Mara ya tatu Shangazi akagonga ukuta.

Likiwa limesimama, mazabodi nayo imesimama, na lile pande la aluminiamu linaning'inia kwa uzito wake likijitenga na prosesa. Likilala, uzito uleule unalikandamiza mahali pake. Nikalizima, nikashika hitisinki kwa vidole viwili. Ikacheza kama jino la mtoto. Mguu wa nne ulikuwa umepasuka.

Nilimaliza zile kurasa arobaini nikiandika juu ya kompyuta iliyolala kama mgonjwa, na kwa aibu niseme ililala hivyo miezi minane. Asubuhi Shangazi alipita, akatazama chini ya meza, akatazama uso wangu.

"Umekigeuza ubavu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Si nilikwambia?" Akaenda zake.

Aliponiuliza baadaye kilikuwa na nini, nilimwambia mguu ulikuwa mbovu tangu kiwandani. Akawasonya watu wa kiwandani, na huwa anawasonya hadi leo tukigusia habari ile. Inawezekana ni kweli. Kelele ilianza kabla sijagusa kitu, na vumbi peke yake sijui kama lingefikisha hali pale. Lakini vidole vyangu navyo vinakumbuka kusukuma kwa nguvu, na sikio linakumbuka ta tatu.

Mguu wenyewe ninao, kwenye kopo la skrubu. Juzi, baada ya kugonga kichwa, nikautoa nikautazama kwa miwani. Wazo langu lilikuwa kwamba mpasuko ukiwa na vumbi ndani, basi ni wa zamani, ulikuwapo kabla yangu. Vumbi limo, tele. Ila ni miaka mingi umekaa kwenye kopo.