Vile nilifanya kemia ya KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya) nikiwa jela

Nimechoka kusikia mfungwa akiambiwa ati huko ndani asome Kiswahili na CRE (somo la dini ya Kikristo), sayansi awachie watoto wa shule. Mi nimeambiwa hivo na wengi, na kuna mwalimu mmoja wa kujitolea aliniambia nifanye pepa 1 na 2, pepa 3 ile ya praktikali niandike tu jina nirudi wadi. Pepa 3 ni alama 40! Mtu anataka utupe alama 40 na hata mtihani haujafika. Nilitoka na C+ ya kemia na mpaka leo naringa nayo.

Darasa letu walimu wengi walikuwa wafungwa wenzetu, na walijua kazi. Mzee aliyetushikia kemia alikuwa amefundisha sekondari miaka mingi kabla afungwe, shida yake ilikuwa moja, maabara hakuna. Bureti (ile glasi ndefu yenye alama na koki ya kudondoshea maji) hakuna, asidi hakuna, na hata ingekuwepo nani atakubali wafungwa washike asidi na vyombo vya glasi?

Sasa sikia alichofanya huyo mzee. Kemia ya kidato cha kwanza inafundisha kutengeneza indiketa kwa maua, yaani maji yanayogeuka rangi yakikutana na asidi au besi, si ndio? Kando ya ofisi kulikuwa na ua wa haibiskasi nyekundu, tukaomba ruhusa tukachuma, tukaponda petali kwa maji ya moto tukapata maji mekundu safi kabisa. Asidi ikawa limau kutoka kwa wale wanaofanya shamba. Besi, ile kinyume cha asidi, ikawa maji ya majivu ya jikoni, kwa sababu kule wanapikia kuni. Mara ya kwanza yale majivu yalitoa maji ya kahawia rangi ikakataa kuonekana, mzee akasema tuchuje na kitambaa mara mbili alafu tuache yatulie usiku mzima, asubuhi yakawa meupe.

Bureti sasa. Mzee alienda kwa madam wa dispensari, akasimama wima akamwambia, "Afande, naomba mabomba ya sindano, sindano zenyewe ubaki nazo." Madam akamwangalia, akasema, "Mzee, nitayahesabu mwenyewe kila jioni." Na aliyahesabu kweli, hakuna siku aliruka. Bomba lina alama za mililita ubavuni, mtu anataka nini tena? Unaweka maji ya majivu kwa kikombe cha plastiki, unadondosha ile indiketa yanakuwa kijani, chini umeweka karatasi nyeupe, alafu unaanza kutia limau kwa bomba tone kwa tone huku unatikisa polepole. Kijani inafifia, inafifia, alafu tone moja tu linageuza kila kitu pinki. Darasa zima lilipiga makofi mpaka afande wa zamu akachungulia kujua kuna nini, na akabaki hapo mlangoni akitazama.

Tulirudia hiyo kitu mpaka mkono ukazoea. Na hapa ndio watu hawaelewi, ile jedwali ya titresheni (hiyo kudondosha mpaka rangi igeuke, alafu unaandika mililita) peke yake ina alama tano, ijaze yote, desimali zako zifanane (kama ni 22.5 kila mahali iwe nafasi moja, usichanganye na 22.50), ukitafuta wastani chukua zile zinazokaribiana. Hizo alama hazihitaji maabara ya milioni. Hata rangi ya moto ya sodiamu tuliijulia jikoni, chumvi kidogo kwa moto unaona njano.

Siku ya praktikali vyombo vya kweli vilikuja na bureti ilikuwa rahisi kuliko bomba, unafungua tu koki inadondosha yenyewe!

Kama una mtu ndani anataka kufanya KCSE, kichwa kitauma kwa usajili. Wanataka namba ya KCPE (ule mtihani wa zamani wa darasa la nane) na cheti cha kuzaliwa, na mfungwa hana hata karatasi moja. Mamangu ndiye alizunguka nazo, nauli, fotokopi na ada vikala kama elfu kumi na kitu hivi, Mungu ambariki. Anzeni mwaka mmoja mapema. Alafu aandike barua kupitia ofisi ya elimu ya gereza aombe asihamishwe kabla ya mtihani, juu nimeona kijana mkali kuniliko akipelekwa gereza lingine muhula wa pili na mwaka wake ukaishia hapo, mpaka leo inaniuma.

Vitabu usimpe siku ya kutembelea, vitakaa getini. Peleka ofisi ya elimu vikiwa na jina lake, na uongeze pasti pepa za pepa 3, hizo ndizo zinakosekana sana. Mi nikipata za kutosha huwa napeleka, na mzee bado anafundisha.